Jasusi Mchafu na Watazamaji Wake Wasafi

Imeenea hapa Rubona, tangu vibanda vya video vilivyo kandokando ya njia iendayo kiwanda cha bia hata meza za samaki wa sambaza zilizo ukingoni mwa ziwa, rai moja ambayo kila aisemaye huisema kwa sauti ya kadhi aliyekwisha kufunga jalada, nayo ni hii: kwamba Slow Horses, tamthilia ya ujasusi ya Kiingereza iliyoanza kuonyeshwa Aprili 2022 na ambayo sisi hutufikia aghalabu kwa flashi iliyokwisha kupita mikono mingi, ni kazi isiyojijua, kwa kuwa inachekesha mahali ipasapo kutisha na inaua mahali ipasapo kuchekesha. Wako waipendao na wako waichukiao, na ubishi wao huweza kuila jioni nzima. Walakini ajabu yao ni kwamba katika jambo hili moja wameafikiana bila kujua, wale wa kwanza wakiisamehe tamthilia mzaha wake kwa ajili ya mbio na risasi zake, na wale wa pili wakizikataa mbio na risasi zake kwa ajili ya mzaha wake. Mtu akiwasikiliza kwa makini ataona kwamba hao si mahasimu hata kidogo, bali ni wadai wawili wa shtaka moja, wanaobishana juu ya kiasi cha faini. Mimi nakusudia kulijibu shtaka lenyewe.

Kwa ajili ya msomaji ambaye flashi hiyo haijamfikia, yatosha kusema kwamba hadithi imetoka katika riwaya za Mick Herron, ambazo ya kwanza ilichapishwa 2010, na kwamba yahusu maofisa wa MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, waliokosea kazini makosa ya fedheha, huyu akisahau siri za dola ndani ya treni, yule akiharibu mazoezi ya uwanja wa ndege mbele ya wakubwa wake, wakaondolewa makao makuu wakatupwa katika nyumba chakavu ya London iitwayo Slough House, wapange makaratasi yasiyosomwa na mtu hata wachoke, wajiuzulu wenyewe. Mkuu wao ni Jackson Lamb, anayechezwa na Gary Oldman: mzee mwenye koti lililoota mafuta, soksi zilizotoboka, ulimi wa pilipili, na tumbo ambalo upepo wake hautunzi siri yoyote.

Insafu yanitaka niieleze rai ya wapinzani wangu jinsi wao wenyewe wangeieleza siku wangepata wino na utulivu. Wasema hivi. Ujasusi ni kazi ya hatari na ya heshima, na mtu aliyekabidhiwa roho za watu na siri za dola apaswa kuonyeshwa ana akili, ana nidhamu, na ana nguo safi; ukimvika uchafu umeidhalilisha kazi na umewapotosha vijana. Kifo, wasema tena, si jambo la kuchekwa, na katika nchi ambayo 1994 ilipoteza watu zaidi ya 1,000,000 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na katika wilaya hii ya Rubavu ambayo wakazi wake hawana haja ya kwenda mbali kuwakumbuka wafu wao maadamu ukumbusho wa Commune Rouge uko mumu humu mjini, mtu achanganyaye maiti na kicheko hastahili kukaribishwa sebuleni. Hadithi yenyewe, waongeza, ina mwendo wa kobe, na stelingi wake hafi leo ila kwa kuwa atakufa kesho. Mwisho wasema kwamba taifa lizidhihakilo idara zake za siri mbele ya walimwengu linajivua nguo sokoni. Hoja hizi si za wajinga. Baadhi yake nimezisikia kwa watu ambao wakiingia mahali nilipoketi huwaachia kiti changu, na kwa sababu hiyo hasa hazifai kuachwa zipite kwa adabu.

Hoja ya kwanza: kwamba jasusi ni mtu nadhifu

Tuanze na koti. Wapinzani wangu wamemjua jasusi kwa njia ya James Bond, muungwana ambaye tangu sinema yake ya kwanza ya 1962 ameingia katika kila jumba la kamari akiwa amevaa suti ambayo kila mtu huigeukia, akajitaja jina lake la haki kwa kila amwulizaye na kwa wengi wasiomwuliza, kisha akashangaa kwamba maadui wanamjua. Huyu ndiye kipimo chao. Jasusi anayetambulikana na mhudumu wa hoteli kabla hajaketi ameitwa mahiri, na mzee ambaye ungempita kituo cha basi ukamdhania mlevi aliyefukuzwa nyumbani ameitwa aibu ya kazi; wala hapana hata mmoja katika watetezi wa unadhifu aliyesita kujiuliza ni yupi kati ya wawili hao awezaye kukaa juma zima mbele ya nyumba ya adui pasipo kutazamwa.

Wala wasiniambie kwamba hayo ni mazuo ya mtunga riwaya. Mkuu wa ujasusi wa Uingereza mjini Leopoldville tangu 1959 hata 1961, wakati Congo ilipokuwa ikiupata uhuru wake na kuupoteza, alikuwa Daphne Park, mwanamke mnene aliyekulia Tanganyika katika nyumba ya udongo isiyo na umeme wala maji ya bomba, aliyezungukia mji ule wenye ghasia kwa kigari cha Citroën 2CV, na ambaye sura yake ilikuwa ya mwalimu mkuu wa shule ya misheni. Na kwa kweli baadaye alikuja kuongoza chuo cha Somerville huko Oxford. Mtu wa namna hiyo hapati kazi katika sinema wazipendazo, hata ile ya kumfungulia Bond mlango wa gari.

Na kama wakisema kwamba unadhifu waukusudiao ni wa kazi kuliko wa mavazi, basi tumtazame Richard Meinertzhagen, mkuu wa upelelezi wa jeshi la Waingereza katika Afrika ya Mashariki miaka ya 1915 na 1916, katika vita vile vilivyougeuza hata ukingo huu wetu wa Kivu kuwa mstari wa mbele baina ya Wajerumani na Wabelgiji. Bwana huyo alijisifu katika kumbukumbu zake kwamba taarifa zake zilizo bora alizipata katika vyoo vya kambi za Wajerumani, kwa kuwa maofisa wa huko walitumia barua zao na amri zao kwa haja ambayo msomaji amekwisha kuifahamu, naye akawatuma wapelelezi wake, Waafrika, wakaziokote. (Nani alizikausha, na nani alizisoma kwanza, shujaa wetu hakuona lazima ya kufafanua.) Wachunguzi waliokuja baadaye wamezikuta kumbukumbu za Meinertzhagen zimejaa uwongo, hata hapana awezaye kuapa kwamba kila alilolisimulia lilikuwa. Basi wapinzani wangu na wachague: ama mkuu wa upelelezi wa dola iliyokuwa kubwa kuliko zote za zama zile aliwasoma maadui zake kwa njia ya choo, ama aliketi mezani kwa utulivu akatunga kwamba alifanya hivyo. Mimi sioni katika mawili hayo ni lipi lenye suti.

Kipimo hiki kina gharama yake, na gharama hiyo huonekana ndani ya tamthilia yenyewe kwa mwenye macho. Wamelalamikia soksi za Lamb vipindi sita vizima vya msimu wa kwanza, wakazihesabu tundu zake. Hawakulalamika hata mara moja juu ya makoti mazuri ya Diana Taverner, mkubwa wa makao makuu, ambaye ofisini mwake kila kioo chang'aa na kila neno limepigwa pasi. Na jinai ya msimu ule, tena jinai kubwa, ilipangwa chini ya vioo hivyo.

Hoja ya pili: kwamba kifo hakichekwi

Hii ndiyo hoja yenye uzito, na mtu akiijibu kwa wepesi katika wilaya hii amejivunjia heshima mwenyewe. Kwa hiyo nitaiendea polepole, nikianzia kwenye kisa wanachokishtaki.

Katika msimu huo wa kwanza kijana mwanafunzi, Mwingereza wa asili ya Pakistani, jina lake Hassan Ahmed, ambaye tamaa yake maishani ni kusimama jukwaani awachekeshe watu, anatekwa na wanaume wawachukiao watu wa rangi yake, wakaahidi kumkata kichwa mbele ya macho ya ulimwengu. Mtazamaji huja kujua baadaye kwamba mpango huo umesukwa na Taverner mwenyewe, aliyemtia mtu wake miongoni mwa watekaji ili, saa ikifika, idara imwokoe kijana kwa kishindo na ijipatie sifa. Walakini mpango unaponyoka, mtu wa Taverner anafichuliwa, na kichwa kikatwacho kwanza ni chake. Sasa na watuonyeshe, hao wasemao kwamba tamthilia hii inakicheka kifo, ni wapi katika kisa hicho mtazamaji alipoambiwa amcheke Hassan. Hayupo anayemcheka. Kinachochekwa ni ofisi: kule kuwasha moto nyumbani kwa jirani ili kushangiliwa kwa kuuzima, na zile barua za kujikinga lawama zinazoandikwa kabla moto haujafika darini. Kama kisa hicho hicho kingalisimuliwa kwa ngoma nzito na nyuso za huzuni, mtazamaji angaliondoka akiilia idara iliyoponzwa na bahati mbaya, akasahau kwamba bahati hiyo ilikuwa na saini.

Ikiwa bado waona kwamba mauti na upuuzi havikai nyumba moja, wavuke mpaka nami waingie katika historia ya jirani zetu. Septemba 1960 alifika Leopoldville mkemia wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, aitwaye Sidney Gottlieb, akajitambulisha kwa mkuu wa kituo cha huko, Larry Devlin, kwa jina ambalo Devlin mwenyewe amelisimulia: Joe wa Paris. Katika mzigo wake mlikuwa na sumu ya kumwulia Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi ile, na miongoni mwa njia zilizofikiriwa ilikuwa ni kuitia katika dawa yake ya meno. Devlin aliipokea, akaifungia, akachelewa, na mwisho wake sumu ile ikaishia katika mto Congo. Lumumba hakuokoka kwa hayo. 17 Januari 1961 aliuawa Katanga kwa mkono wa watu wengine, na ofisa wa polisi wa Kibelgiji akauyeyusha mwili wake kwa asidi, akajiwekea jino lake kuwa kumbukumbu. Jino hilo ndilo walilokabidhiwa watoto wake mjini Brussels, Juni 2022, ndani ya kisanduku, mbele ya Waziri Mkuu wa Ubelgiji. Wenye akili nyingi walitaka kumwua kwa dawa ya meno, na kilichorudi kwa watoto wake ni jino.

Mtunga tamthilia angaliandika hivyo, wazee wetu wa Rubona wangalimwambia amevuka mpaka wa adabu. Lakini hapana aliyeandika. Yametendeka, yakatiwa muhuri, yakalipiwa nauli ya ndege. Nani basi aliyechanganya maiti na kioja? Mwandishi, au ofisi zile? Nami nauliza tena: ikiwa tendo lilitendeka na upuuzi wake wote ndani yake, ni nani aliyetupa ruhusa ya kulisimulia tukiwa tumekwisha kuuondoa upuuzi ule, na aliyetuomba tuuondoe ni maiti au ni muuaji? Mkemia mwenye jina la uwongo na kichupa mfukoni akiwekwa katika simulizi la majonzi hukua, hupata kimo, huwa adui wa kutisha anayestahili muziki. Akiachwa alivyo ni karani aliyetumwa na makarani, na uovu wake wazidi kuonekana kwa udogo wake.

Watanijibu, na jibu hili limekwisha kunifika kutoka kwa mtu mwenye haki ya kulitoa, kwamba hata wauaji wa 1994 walichekesha: kwamba redio RTLM, iliyoanza 1993, ilipendwa na wengi kwanza kwa muziki wake na kwa mizaha ya watangazaji wake, na kwamba mizaha hiyo ilikuwa ndiyo mlango ambao chuki ilipitia ikaingia majumbani. Ni kweli, wala sina la kuipunguza kweli hiyo. Ila mtu aifuate mpaka mwisho wake. Mzaha wa redio ile ulimshukia aliyekuwa akiwindwa: jirani, mama mwenye mtoto mgongoni, mtu asiye na pa kukimbilia, na juu ya wenye amri ulinyamaza kimya cha heshima, wakubwa wakatajwa kwa vyeo vyao na kwa taadhima yao yote. Redio ile haikuwa na upungufu wa taadhima. Kwa hiyo burhani waliyoileta yanithibitishia kwamba kicheko kina upande, na kwamba swali la kumwuliza mwandishi yeyote wa mzaha mweusi ni nani amewekwa chini ya kicheko chake na nani amesalimishwa nacho. Ama swali lao wao, yaani kama amecheka au hakucheka, halimtenganishi mwovu na mwema hata kidogo, kwani wauaji wengi wa dunia hii wamepigwa picha wakiwa na nyuso nzito mno.

Sisi wa Rubona tungalipaswa kuwa wa mwisho kudai kwamba jambo la kutisha lazima lionyeshe sura ya kutisha. Chini ya Ziwa Kivu imelala methani ikadiriwayo kilomita 60 za ujazo, na hewa ya kaboni mara tano yake. Methani hiyo iliwahi kuvutwa ikapelekwa katika kiwanda chetu cha bia tangu 1963. Nasi juu yake twavua, twaogelea, twaoana, na wavuvi wa mitumbwi mitatu mitatu huondoka magharibi wakiimba. Hapana aliyepata kulitaka ziwa livae msiba ndipo aamini kilichomo.

Hoja ya tatu: kobe, na stelingi asiyekufa

Juu ya kobe sitakawia. Msimu mmoja wa Slow Horses ni vipindi sita. Wanaousema kwamba una mwendo wa kuchosha ni watu wa nyumba zile zile ambazo kila jioni huzifuata tamthilia za Kifilipino na za Kituruki zenye vipindi zaidi ya mia, ambamo mwanamke huanza kufungua barua Jumatatu akaimaliza kuisoma Ijumaa.

La stelingi lina utamu zaidi. Kanuni ya vibanda vyetu, toka Gisenyi hata Kampala na Mombasa, ni kwamba stelingi hafi. Na Slow Horses imeivunja kanuni hiyo kwa ukaidi, maana Min Harper, aliyekwisha kuwa rafiki wa watazamaji, aliuawa katika msimu wa pili, na Marcus Longridge mwishoni mwa ule wa nne, tena bila hotuba ya kuaga. Watu walirudi nyumbani wamenuna kama waliodhulumiwa nauli. Sasa, hao wanaotaka ujasusi uonyeshwe kwa uzito na heshima ndio hao hao wanaotaka risasi zijue jina la mtu kabla hazijamfikia! Kazi ya hatari, lakini hatari isimpate mtu tunayempenda. Mauti yasichekwe, lakini yawafikie wale tu ambao majina yao hatukuyashika. Mimi nasema kwamba hapana dhihaka kubwa kwa maiti kuliko sinema ambamo watu 40 wasio na majina huanguka ili shujaa apate kunyosha tai yake, na dhihaka hiyo wameila miaka yote bila kukwama kooni. Stelingi mkubwa kuliko wote aliyewahi kufika katika maziwa yetu, Che Guevara, aliyevuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma Aprili 1965 akijificha chini ya jina la Kiswahili la Tatu, aliondoka Novemba ya mwaka huo huo ameshindwa, akakaa akaandika mwenyewe kwamba ameshindwa. Yeye hakuambiwa kanuni ya kibandani.

Lakini kichekesho chenyewe kiko penginepo. Filamu hizi wanazozipenda wengi wetu hatukuzipokea kutoka kwa waliozitengeneza. Tulizipokea kwa kinywa cha wafasiri: hapa Rwanda zaitwa agasobanuye, na aliyewafundisha watu kuzipenda, marehemu Nkusi Thomas aliyejulikana kwa jina la Yanga, hakuwa mtu wa kuiacha maiti ianguke pasipo kuipa neno la kuchekesha, na Kenya yuko DJ Afro, ambaye sauti yake imeyageuza mapigano mazito ya Wahindi na Wachina yakawa karamu ya utani kwa Kiswahili. Mtu hupigwa kisu huko Bombay au Hong Kong, na kibanda kizima huangua kicheko Rubavu, kwa sababu mfasiri amemtia marehemu maneno mdomoni juu ya deni la duka. Watazamaji wangu wasafi walikuwamo. Wamecheka tangu utotoni. Kwa hiyo wanachokikataa katika Slow Horses hakiwezi kuwa ni kuchanganya damu na mzaha. Mchanganyiko huo ndio waliolelewa nao. Wanachokikataa ni kwamba safari hii mzaha umo ndani ya hadithi yenyewe, umetiwa na mwandishi kwa kusudi, wala hawawezi kumwachia mfasiri dhambi yake.

Hoja ya nne: kwamba taifa limejivua nguo

Wenye hoja hii hunikumbusha riwaya za ujana wetu, za marehemu Aristablus Elvis Musiba, ambamo Willy Gamba, tangu Kufa na Kupona ya 1974, alilitumikia bara zima la Afrika kwa bastola, kwa suti na kwa wapenzi kadha wa kadha, na ofisi yake haikupata kumkosea wala kumsahau. Nilizisoma, nikazisoma tena, wala sizirudishi. Lakini vizazi viwili vya wasomaji wa Kiswahili vimetoka humo vikiamini kwamba idara ya siri ni mwanamume mmoja shupavu na simu ya mkubwa wake mwadilifu. Na imani hiyo, ambayo haikumgharimu msomaji ila bei ya kitabu, ni hazina kwa mkubwa yeyote asiye mwadilifu. Wala wasidai kwamba mzaha katika habari za mauaji ni bidaa ya wageni: Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa 1960, na Bwana Msa alimcheza shere sahibu yake Najum hata pale maiti ilipokuwa ikingoja kuelezwa.

Na ama huko kujivua nguo, naomba nijulishwe ni nguo gani. Kisa cha Joe wa Paris kilitolewa hadharani 1975 na kamati ya Baraza la Seneti la Marekani yenyewe, chini ya Seneta Frank Church. Devlin naye akakiandikia kitabu 2007, akaweka na jina lake juu. Marekani haikuanguka. Uingereza nayo yawauzia walimwengu Jackson Lamb kwa fedha taslimu, msimu baada ya msimu, na makao makuu ya MI5 yangali pale pale ukingoni mwa Thames. Ikiwa hiyo ndiyo fedheha, ni fedheha iliyolipa vizuri kuliko heshima nyingi ninazozijua.

Na wapatanishi

Hubaki mtu mmoja katika kila baraza, aghalabu mwenye tabia njema na mwenye usingizi, ambaye ubishi ukichacha huinua mkono akasema kwamba kila mtu na ladha yake. Huyu hupendwa na wote, nami namwona kuwa ndiye aliye ghali kuliko wote. Neno lake hulitoa katika mambo ya tamthilia tu. Rayon Sports ikinyimwa penalti Jumamosi, mtu huyo huyo hasemi kwamba refa ana ladha yake. Hapo ana ushahidi, ana marudio ya picha, ana kanuni, na yu tayari kukesha. Maana yake ni kwamba mpira ameuona kuwa jambo lenye kweli ndani yake, na hadithi ameiona kuwa kitu cha kupitishia muda. Kisha mtu wa namna hiyo hushangaa kwamba vijana wake wanamwamini kila mwenye suti.

Wala upatanishi wake haukomei katika maneno. Mwenye kibanda mmoja wa hapa, baada ya kuwasikiliza waliopenda, waliochukia na waliopatanisha, aliuliza kwa nia njema kabisa kama alete msimu wa tano wa Slow Horses au alete sinema nyingine. Waliopenda walisema alete, ila azipitishe haraka sehemu za maneno. Waliochukia walisema asilete. Wapatanishi walimwambia kwamba yote ni sawa, maadamu kila mtu na ladha yake. Akaleta ile yenye suti.